Mfunze mbwa wako mwenyewe, hapo hapo uani

Fundi bomba alikuja kwetu mara moja tu. Siku hiyo mbwa wetu Bosi, akiwa na umri wa miezi saba, alimrukia kifuani kwa furaha na kumwachia nyayo mbili za tope kwenye shati. Fundi akasema, "Mkuu, huyu mbwa hana adabu." Nikajitetea kwamba bado mdogo. Jioni nikakaa kizingitini kumtazama vizuri. Kila alipomrukia mwanangu, mtoto alicheka na kumkumbatia. Kila alipobweka mlangoni pa jiko, dada alimrushia tonge la ugali ili anyamaze. Na kila alipotoroka na kandambili, mimi mwenyewe nilimkimbiza uani mizunguko mitatu, mchezo alioupenda kuliko yote. Bosi alikuwa na adabu zote tulizomfundisha, ila sisi hatukujua kwamba tunafundisha.

Mbwa hurudia kile kinachomlipa. Kwa hiyo kabla hujatafuta fimbo, au mtaalamu wa kumlipa kila mwezi, chukua karatasi uandike tabia zinazokukera, na mbele ya kila moja ujibu swali hili: nani anailipa, na kwa kitu gani? Malipo si chakula pekee. Kutazamwa, kukimbizwa, kuguswa, kufunguliwa geti, hata kufokewa kwa mbwa aliyeshinda peke yake, vyote ni malipo. Kazi yako ni kuacha kulipia usichokitaka na kuanza kulipia unachokitaka, kwa wakati wake.

Neno "kwa wakati wake" lina uzito kuliko yote hapa. Mbwa huunganisha tendo na matokeo yaliyokuja ndani ya sekunde moja au mbili. Ukirudi kutoka kazini saa kumi na moja ukakuta kiatu kimetafunwa tangu saa nne asubuhi, kumchapa hakumfundishi lolote kuhusu kiatu. Anachojifunza ni kwamba ukiingia getini kuna kipigo. Ule uso wa "hatia" anaokuonyesha, masikio nyuma na mkia katikati ya miguu, ni woga wa sura yako, wala hakumbuki kiatu.

Kabla ya somo la kwanza

Mtoto wa mbwa asiachishwe mama yake kabla ya wiki nane. Anayechukuliwa mapema hukosa somo ambalo mama na ndugu zake humfundisha bure, yaani kung'ata bila kuumiza. Daktari wa mifugo atamwanzishia chanjo za parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, akiwa na wiki sita hadi nane, na kuzirudia kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki kumi na sita hivi. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huchomwa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba atakayokupa daktari. Ulizia ofisi ya mifugo ya eneo lako: karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, maeneo mengi huwa na kampeni za kuchanja.

Kuna mtego hapa. Kipindi ambacho akili ya mtoto wa mbwa iko wazi kuzoea dunia huanza wiki ya tatu na kufifia karibu na wiki ya kumi na nne, kabla chanjo hazijakamilika. Ukimfungia mpaka amalize chanjo, atatoka akiwa anaogopa kila kitu. Ukimwachia chini mtaani, parvo itamkuta. Dawa yake ni kumbeba. Mbebe mkononi au kwenye kikapu mpaka kituo cha bodaboda, nje ya shule watoto wakitoka, karibu na mashine ya kusaga. Aone mwenye baibui, mwenye kofia ngumu ya pikipiki, mzee mwenye mkongojo, mtoto anayelia. Asiguse ardhi ambayo mbwa wengine hupita. Dakika kumi kwa siku zinatosha.

Vifaa si vingi. Tafuta kola ya kitambaa inayopitisha vidole viwili kati yake na shingo, kamba nyepesi ya mita mbili ya kutembelea, na ya manila ya mita kumi kwa masomo ya kuitwa. Mnyororo uache dukani.

Malipo bora niliyowahi kutumia ni dagaa wa Mwanza waliokaushwa juani bila chumvi. Waoshe mchanga utoke, wakaushe kidogo kikaangoni pasipo mafuta, kisha kata kila mmoja vipande viwili. Kwa masomo magumu, maini ya kuku yaliyochemshwa na kukatwa ukubwa wa punje ya hindi hayana mpinzani. Kiasi utakachotumia kwenye masomo kipunguze kwenye chakula chake cha jioni, maana mbwa aliyeshiba hana haja ya kukusikiliza. Usimpe vitunguu, chokoleti, zabibu wala mifupa ya kuku iliyopikwa. Mifupa hiyo huvunjika kama vijiti na kuchoma utumbo.

Jambo la mwisho la maandalizi wengi hulidharau: kikao cha nyumba. Baba anasema "sit", mama anasema "kaa", dada anasema "keti", na mtoto anapiga makofi tu. Mbwa hana kamusi. Kubalianeni maneno, yaandikeni, bandikeni kwenye mlango wa jiko. Kwetu ni haya: kaa, lala, subiri, acha, twende, kwako. Neno la kumwita nitalieleza mbele, kwa sababu lina kisa chake.

Siku mbili za mwanzo: neno la alama

Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, aliona mbwa wa maabara yake wakidondosha mate hata kabla chakula hakijawafikia, kwa kuzijua tu dalili kwamba kinakuja. Wewe umeshaona jambo hilo hilo bila maabara: mwiko ukikwangua sufuria, mbwa wako yuko mlangoni.

Tutengeneze dalili kama hiyo kwa makusudi. Chagua neno fupi, mimi natumia "Safi!" Sema "Safi", kisha mpe kipande cha dagaa. Rudia mara kumi na tano, pumzika, rudia tena jioni na kesho yake. Usimwombe afanye chochote. Utajua imekolea siku utakaposema "Safi" akiwa ananusa ukuta naye akageuza kichwa ghafla. Kuanzia hapo una kalamu ya kuweka tiki sekunde ile ile anapopatia, hata kama dagaa bado yumo mfukoni. Neno hili lisiwahi kutoka bila malipo kufuata.

Kaa, lala, subiri

Mshikie dagaa karibu na pua, kisha uupeleke mkono polepole juu na nyuma, kuelekea katikati ya masikio. Kichwa kikipanda, matako hushuka. Yakigusa chini tu, "Safi!", mpe. Usimsukume mgongo kwa mkono, kwa sababu atajifunza kusukumwa badala ya kukaa. Baada ya mara kumi fanya ishara ile ile kwa mkono mtupu, na dagaa atoke mkono wa pili. Akishaufuata mkono mtupu, ndipo neno liingie: sema "Kaa", subiri kidogo, kisha ishara. Watu wengi huanza na neno, wakalirudia "kaa, kaa, kaa, we kaa bwana!" mpaka likawa kelele kama redio ya jirani.

Lala hutokea kwenye kaa: dagaa anashuka kutoka puani hadi kati ya miguu ya mbele, kisha anavutwa taratibu kuja kwako. Wengine huchukua siku nne kulielewa. Lipia hata kiwiko kimoja kikishuka.

Subiri hufundishwa kwa kuhesabu. Mwambie akae, mwonyeshe kiganja, hesabu moja, "Safi". Kisha mbili. Kisha tano. Ukitaka kurudi nyuma hatua moja, punguza muda uwe sekunde moja tena. Umbali, muda na vishawishi visiongezwe kwa pamoja hata siku moja. Na malipo ya subiri mpelekee pale alipo. Ukimwita aje kuyachukua, umelipia kuondoka.

Somo moja liwe la dakika tatu hadi tano, mara tatu kwa siku. Akipatia nane katika kumi, pandisha ugumu. Akikosea mara mbili mfululizo, shuka. Na mbwa anayejua "kaa" jikoni hajui "kaa" getini. Kwake ni jambo jipya. Anza upya kila mahali, na kila mahali itakwenda haraka zaidi.

Kumwita, na kisa cha neno "njoo"

Hesabu mara ambazo neno "njoo" hutamkwa nyumbani kwako kwa siku. Njoo ule, njoo unitume, njoo uone, Asha njoo hapa. Mbwa anayasikia yote, na mara nyingi hayamhusu. Baada ya mwezi mmoja neno limekufa masikioni mwake. Ndiyo maana sisi tunatumia mluzi: miwili mifupi, mmoja mrefu. Asiyeweza kupiga mluzi anunue filimbi, au achague neno ambalo hakuna mtu wa nyumba hiyo anayeitwa kwalo.

Mbwa wangu wa kwanza, miaka mingi kabla ya Bosi, niliwahi kumwita baada ya kumla kifaranga wa jirani. Akaja, mkia ukitikisika. Nikamchapa. Tangu siku ile hadi alipokufa, nikimwita alikuja mpaka hatua tatu kutoka nilipo, akasimama hapo. Umbali wa fimbo alikuwa ameupima vizuri kuliko mimi.

Basi sheria ni hizi, nazo hazina msamaha. Usimwite ili umwadhibu. Usimwite ili umfunge, umwogeshe au umpe dawa. Kwa hayo mfuate mwenyewe. Na katika kila mara kumi unazomwita, tisa mpe malipo kisha mwachie aendelee na mambo yake, ili kuja kwako kusimaanishe mwisho wa raha.

Anzia sebuleni au kibarazani, hatua mbili kutoka kwako. Mluzi, anageuka, "Safi", maini. Wiki ya pili, mjifiche ndani ya nyumba watu wawili, mmwite kwa zamu. Watoto hupenda mchezo huu na mbwa huupenda zaidi. Wiki ya tatu, uani. Wiki ya nne, uwanja wa wazi, akiwa na ile kamba ya mita kumi ikiburuta chini. Asipokuja, usirudie mluzi. Kanyaga kamba, msogelee, mwonyeshe maini, rudini pamoja umbali mfupi zaidi. Kamba hiyo usiivue mpaka wiki kadhaa zimepita bila kukosa. Na akitoroka siku moja, usimfukuze. Geuka ukimbie upande wa pili ukipiga mluzi. Mbwa wachache sana huweza kuvumilia kuachwa.

Kamba na bodaboda

Kamba ikikaza, simama kama nguzo. Ikilegea, "twende". Siku ya kwanza mtatumia dakika ishirini kufika kwenye mti wa jirani, na majirani watakucheka. Toka alfajiri, watu wakiwa wachache.

Kufukuza bodaboda na baiskeli huua mbwa na huangusha watu, kwa hiyo lishughulikie mapema. Tafuta umbali ambao mbwa anaiona pikipiki ila bado anaweza kula. Kwa wengine ni mita thelathini, kwa wengine mia. Pikipiki ikitokea, dagaa. Ikipotea, dagaa wameisha. Baada ya siku kadhaa ataiona pikipiki na kukugeukia wewe. Hapo sogea hatua tano, si zaidi. Kuku na mbuzi hufundishwa kwa mtindo huu huu.

Getini: wageni, majirani na ulinzi

Hapa ndipo familia nyingi hushindwa, na ndipo ninapopata ubishi mwingi. "Akiwa mpole, atalinda nini?" Watu hufungia mbwa kwenye banda la giza mchana kutwa, wakamfungulia usiku, wakijua ukali utatokana na hapo. Unatokana kweli, lakini ni ukali wa woga, nao hauchagui. Utamng'ata mtoto wa jirani aliyefuata mpira kabla haujamwona mwizi. Tena Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Kinachohitajika kwa nyumba nyingi ni kengele: mbwa anayebweka mtu asiyejulikana akikaribia, kisha anayenyamaza akiambiwa.

Kubweka kukianza, usipige kelele, maana ataona mnabweka wote. Nenda utazame kweli kuna nini, mwambie "basi" kwa sauti ya kawaida, shika dagaa puani. Hawezi kunusa na kubweka kwa pamoja. Akinyamaza sekunde mbili, "Safi". Kesho tano, kisha kumi. Kama alizoea kulipwa ugali kwa kubweka jikoni, mkiacha kumpa atabweka zaidi siku tatu au nne za mwanzo. Anajaribu mlango uliozoea kufunguka. Dada akikata tamaa siku ya tatu akamrushia tonge, amemfundisha kwamba bei imepanda.

Kurukia watu ni suala la adabu, na kwa sisi wenye majirani Waislamu ni suala la ujirani. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na panapoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kufuga mbwa kwa ulinzi au uwindaji kunaruhusiwa, lakini jirani mwenye kanzu anayepita kukusalimu akielekea msikitini, akilambwa tu, umemharibia safari. Hata asipokwambia, hatapita tena.

Mbwa awe na mahali pake: gunia au mkeka mkuukuu, hatua nne kutoka getini. Tupa dagaa juu yake, akikanyaga, "Safi". Mara ishirini. Kisha sema "kwako" kabla ya kutupa. Kisha alale hapo. Kisha mwanao agonge geti kutoka nje huku wewe ukilipa dagaa baada ya dagaa. Hodi yenyewe itageuka kuwa dalili ya kwenda mkekani. Kwetu ilichukua wiki tano, na kwa wiki hizo tano Bosi alifungwa kamba kila mgeni alipokuja, ili asilipwe hata mara moja kwa kuruka. Akiruka, mgeni ageuke, mikono kifuani, asiseme kitu. Miguu minne ikiwa chini, asalimiwe. Mgeni asiyependa mbwa asitumiwe kama chombo cha kufundishia.

Meno

Meno ya utoto huanza kung'oka karibu na mwezi wa nne, na kufikia wa sita au wa saba ya ukubwani huwa yametimia. Katika kipindi hicho atatafuna chochote. Mpe kitambaa kilicholoweshwa na kugandishwa kwenye friji, au kipande cha tairi laini la baiskeli lisilo na waya, nawe ukiwapo. Akikung'ata mchezoni, mchezo ufe papo hapo: simama, ondoka nusu dakika. Watoto wafundishwe kusimama kama mti badala ya kukimbia na kupiga mayowe, kwa sababu kukimbia ndiko kunakolipa.

Bakuli la chakula halichezewi. Ukipita akila, dondosha kipande cha maini ndani na uendelee na safari. Baada ya wiki mbili atatazama ujio wako kama baraka. Akikuungurumia, usimpige. Kuunguruma ni onyo, na mbwa aliyepigwa mpaka akaacha kuonya huja kung'ata kimya kimya.

Mtu aking'atwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishatokea, karibu hakuna anayepona.

Mbwa aliyekwisha kukua

Wanaosema samaki mkunje angali mbichi hawajamfundisha mbwa wa miaka sita. Anajifunza, tena hutulia kuliko mtoto. Tofauti ni kwamba ana madeni ya zamani. Aliyeishi kwenye mnyororo mpe siku kumi za kula, kulala na kunusa kabla ya somo lolote. Kaa chini karibu naye ukisoma gazeti, dondosha dagaa bila kumtazama, usimwinamie kichwani. Siku atakapokuja mwenyewe kulala karibu na mguu wako, anza na "Safi".

Tabia ikibadilika ghafla, mpole akawa mkali au aliyejua kujizuia akaanza kukojoa ndani, huyo ni wa daktari wa mifugo kwanza. Sikio lenye usaha hufanana sana na utundu. Na mbwa aliyekwishamng'ata mtu hadi damu, tena bila onyo, usimfundishe kwa kusoma. Tafuta mtu mwenye uzoefu, na mpaka apatikane mbwa asikae na watoto.

Limebaki la fataki. Usiku wa tarehe 31 Desemba mbwa wengi huruka kuta wakapotea. Anza Novemba: tafuta sauti za fataki kwenye simu, cheza kwa sauti ndogo sana akila, ongeza kidogo kila baada ya siku mbili tatu, na akiacha kula punguza. Usiku wenyewe mtembeze kabla jua halijazama, mwingize ndani saa moja, funga madirisha, washa redio. Akitetemeka, mbembeleze, woga haukui kwa kubembelezwa. Bosi huingia chini ya meza ya jikoni kwenye saa tano na nusu, nami hukaa sakafuni pembeni yake na bakuli la dagaa, kila mlipuko na kipande chake, mpaka mtaa utulie.